Usiniamini, Chovya

Mwalimu Kagendo alikuwa amekwama kisiwani Pate, huko Lamu, kwa miaka, na asiyejua kukwama kwa mwalimu wa serikali na amuulize yeye. Hakutiwa pingu wala hakuwekewa askari mlangoni. Alikuwa na chumba kizuri cha kupanga, mama mwenye nyumba alimletea futari kila Ramadhani ingawa alijua fika kwamba mpangaji wake ni Mmethodisti asiyefunga, na wanafunzi walimsalimia njiani hadi akachoka kuitikia. Shida ilikuwa moja tu. Mwalimu aliyepelekwa mbali haondoki kwa kutaka kwake. Huondoka akimpata mwenzake wa somo lilelile, anayefundisha kule yeye anakotaka kwenda, naye awe na hamu ya kuja huku. Wakikubaliana, wakuu wa shule zote mbili hutia sahihi, na kila mmoja hufunga virago vyake.

Sasa mwalimu gani wa kemia, mwenye akili zake timamu, anayeamkia maziwa na baridi ya Meru, atatamani kuja mahali ambapo kwenda kununua chaki ni lazima kwanza uangalie kama maji yamejaa? Kagendo alitafuta hadi akachoka. Aliandika katika makundi ya walimu ya simu, akabembeleza, akaongopa kidogo kuhusu joto. Waliojibu walijibu kwa kumcheka.

Wala hakuwa anakimbia kazi. Alikuwa na binti, Kendi, aliyezaliwa na kifua kibovu. Daktari alisema mtoto asikae mbali na hospitali kubwa, na Pate hakuna hospitali kubwa. Kwa hiyo Kendi alilelewa na nyanya yake kule Nkubu, Meru, na mama yake akawa mtu wa likizo. Likizo iliyopita Kagendo alipoingia uani na mizigo yake, mtoto alijificha nyuma ya leso ya nyanya yake akachungulia, jinsi watoto wanavyowachungulia wageni. Kagendo alicheka mbele ya watu, kisha akaenda chooni akalia.

Hapo ndipo Jabez alipotokea. Jabez alifundisha kemia katika shule iliyo karibu kabisa na Nkubu, na mkewe, Quinter, alikuwa amepata kazi ya ukarani bandari mpya ya Lamu, upande wa Kililana. Bwana huyu alitaka kuja Lamu kwa hiari yake, tena kwa haraka. Ila alimwambia Kagendo waziwazi kwamba kuna mwalimu mwingine wa kemia huko bara ya Lamu ambaye naye anataka kwenda Meru, na maombi ya uhamisho yanafungwa Ijumaa. Atakayemaliza mapema na mkuu wake ndiye atakayebadilishana naye.

Ikabaki sahihi ya Bwana Shuaib. Huyu ndiye mkuu wa shule, mtu wa kisiwani hapohapo, mwalimu wa dini na historia, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Shule yake iliwahi kukaa miaka mingi bila mwalimu wa kemia, watoto wakiingia kwenye mtihani na majibu ya kukariri wasiyojua yanatoka wapi. Jambo hilo lilimuuma, na bado lilikuwa likimuuma. Kagendo alipompelekea habari ya Jabez, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili cha kisiwani kwao, ambacho njia ni ndia na aje ni aye, "Bi Kagendo, mimi sikuzibii ndia. Una mwana, nami nina wana. Lakini mtu huyo aye asomeshe mbee yangu, niwaone watoto wamemfahamu. Wakimfahamu, natia sahihi papo hapo."

Akaongeza sharti moja. Siku hiyo Kagendo atakaa nyuma kabisa darasani, na hatatia neno mpaka aulizwe.

Kagendo alikubali upesi. Somo lililokuwa likiendelea lilikuwa asidi na besi, na hilo, alijiambia, hata mlevi anaweza kulifundisha. Tena watoto walikuwa wameshaiva. Shule haikuwa na maabara ya kuitwa maabara, chumba tu chenye meza ndefu na dirisha la nondo, lakini Kagendo alikuwa amewafundisha kwa vitu vya nyumbani mwao. Walichemsha mawaridi yaliyobaki kwenye vikuba vya arusi, vile vishada vya maua ambavyo wanawake hujipamba navyo, maji yake yakawa ya waridi kali kwenye ndimu na ya kijani kwenye jivu. Walipaka manjano kwenye kitambaa cheupe, wakakisugua kwa sabuni, na wasichana wakapiga kelele kuona manjano yamegeuka mekundu. Mwisho akawatolea karatasi zenyewe za kupimia pH, pakiti moja aliyopewa na rafiki yake wa Mombasa. Kila ukanda aliupasua kwa urefu kuwa kanda nyembamba nyembamba ili ziwatoshe watoto wote.

Aliwaeleza kwamba kipimo kile huanzia sifuri hadi kumi na nne. Chini ya saba ni asidi, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi ukali. Juu ya saba ni besi. Saba yenyewe haina upande. Na akawasisitizia jambo ambalo watu wengi hulisahau, kwamba kutoka namba moja hadi ya pili tofauti ni mara kumi, kwa hiyo anayekosea kwa namba moja hajakosea kidogo. Kisha akawapa kanuni yake ya darasani, ambayo walikuwa wakiimba wakitembea: usiniamini, chovya.

Na walichovya, wallahi. Walipima ukwaju, siki, maziwa yaliyoganda, chokaa ya kupakia nyumba, magadi, dawa ya kiungulia ya babu. Kulikuwa na msichana mmoja, Tima, mkimya, aliyeketi mbele kabisa. Tima alipima maji ya kisima cha shule akapata nane, na kitabu kilisema maji ni saba. Akaogopa kwamba ameharibu karatasi. Akapima ya kisima cha kwao, na ya kisima cha msikitini, yote nane. Alimletea Kagendo vipande vyake vitatu mkononi kama mtu anayekuja kukiri kosa. Kagendo alimwambia hakukosea. Kisiwa kizima kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo ndiyo yanayochomwa kupata chokaa. Maji yakipita humo huchukua besi yake kidogo. Waliokiandika kitabu walipima maji yaliyosafishwa kabisa, hawakuja Pate. Tima aliondoka akitabasamu, na tangu siku hiyo alipima kila kilichokuwa na majimaji.

Alhamisi ikafika. Jabez alishuka gati la Mtangawanda na boti ya asubuhi, shati limelowa maji ya chumvi upande mmoja, koo limekauka. Bwana Shuaib alimkaribisha ofisini, akamwacha akae kidogo apumzike. Humo ndimo Kagendo alimokuwa amemwandalia kikapu cha vifaa: ndimu, maji ya sabuni, karatasi za pH, na chupa moja ya maji ya betri aliyoyanunua duka la spea mjini Amu, ambayo yamesafishwa na hayana kitu, ili yawe mfano wa saba. Alimweleza haraka haraka, na Jabez aliitikia ndiyo, ndiyo, huku macho yakiwa kwenye simu, kwani boti ya kurudi haimngojei mtu maji yakianza kupwa.

Darasani alianza vizuri mno. Alikuwa na sauti ya kujaza chumba na mkono mzuri ubaoni. Alichora mstari mrefu, akaweka sifuri kushoto na kumi na nne kulia, akawatania wavulana wa nyuma, wakacheka. Akachovya karatasi kwenye ndimu, ikawa nyekundu. Akachovya kwenye maji ya sabuni, ikaelekea buluu iliyoiva. Watoto waliandika. Bwana Shuaib, aliyeketi karibu na mlango na bahasha ya karatasi ya uhamisho magotini, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kagendo aliyaona yote hayo, na moyo wake ukaanza kufunga mizigo. Sufuria atamwachia mama mwenye nyumba. Godoro pia. Kitanda cha Kendi kitawekwa pale karibu na dirisha, si chumbani kwa nyanya yake.

"Sasa," Jabez akasema, "tuje hapa katikati." Akatia mkono kikapuni kutoa chupa, na chupa ilikuwa tupu.

Alikuwa ameyanywa. Maskini ya Mungu, ametoka juani ana kiu, ameona chupa ya maji safi kikapuni, na kila mtu wa bara huambiwa kwamba maji ya visiwani yana chumvi asiyaguse. Akayapiga yote. Aliitazama chupa kidogo, akakumbuka, akacheka kimoyomoyo, kisha akageukia jagi lililokuwa mlangoni. Jagi lile lilikuwa la kunawia mikono, na maji yake yalitoka kisimani asubuhi hiyo.

Kagendo alijiinua nusu. Bwana Shuaib alimtazama tu, naye akaketi tena. Mgongo wake uligusa ukuta na mbele yake kulikuwa na dawati, hana pa kwenda.

"Maji ni maji," Jabez akawaambia watoto akiyamimina kwenye bilauri. "Si asidi, si besi. Andikeni saba."

Hawakuandika. Walikaa na kalamu mikononi wakimngoja achovye. Jabez hakuelewa wanangoja nini, hadi Tima alipoinua mkono na kumwomba, kwa adabu kabisa, atie karatasi. Akatia. Akaiinua juu, akasema kijani, akairudisha mezani upesi. Lakini Tima alikuwa mbele, na ile rangi alikuwa anaijua kama anavyojua rangi ya mlango wa kwao.

"Mwalimu, hiyo si saba. Ni nane."

Minong'ono ikapita darasani. Jabez alicheka, akasema saba na nane ni majirani, mtu hapigani na jirani. Tima akamjibu polepole kwamba ni mara kumi. Hapo cheko likamtoka Jabez usoni. Alikuwa amechoka, amelowa, boti yake inakaribia, na mtoto anamrekebisha mbele ya mkuu wa shule. Alimuuliza kama anajua kuliko waliokiandika kitabu. Tima alikuwa na jibu la swali hilo, lakini alikuwa na heshima pia, kwa hiyo aliinamisha macho kwenye daftari lake. Jabez akamwambia aketi. Akaketi.

Bwana Shuaib alikohoa pale mlangoni. Alisema yeye zitu hizi hazijui, hata angechovya mkono mzima, na ndiyo maana ameleta mtu anayezijua. Akageuka.

"Bi Kagendo, mwenye somo ni wewe. Mai haya ni saba au ni nane?"

Darasa zima likageuka naye. Kagendo aliyaona macho ya watoto, na ya Jabez yakimsihi, na ya Tima ambayo hayakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliiona bahasha magotini pa Bwana Shuaib. Akisema nane, mgeni hajui somo lake, na sahihi hakuna. Kesho Ijumaa. Baada ya kesho Jabez ni wa mtu mwingine, na baada ya Jabez hakuna mtu, kwa sababu miaka yote hii hajawahi kutokea mtu. Alimwona Kendi nyuma ya leso. Namba moja tu, na tena ya maji, si kama mtu atakufa.

"Karatasi imezeeka," akasema. "Hewa ya chumvi imeiharibu. Maji ni saba."

Jabez akashusha pumzi. Bwana Shuaib akasema alhamdulillahi, basi kosa ni la karatasi, mtu hana kosa. Watoto wakainama wakaandika. Mkuu wa shule aliinuka, akaja hadi dawati la Kagendo, akaitoa ile karatasi ya uhamisho bahashani na kuilaza mezani, akatafuta kalamu mfukoni mwa kanzu. Alisema atatia sahihi sasa hivi ili mgeni aende nayo, asije akakosa boti. Furaha na aibu zilikuwa zimempata Kagendo pamoja, na hakujua ipi inayomtoa machozi.

Tima alikuwa amesimama tena. Hakumtazama Jabez. Daftari lake lilikuwa wazi, na mkononi alikuwa na raba.

"Mwalimu," akamwambia Kagendo, "na zile nyingine zote tulizopima kwa karatasi hizi, nizifute pia?"

Laiti angekuwa anamkejeli, Kagendo angepona. Angemwambia aketi, kama Jabez alivyomwambia, na mambo yangeisha. Lakini mtoto alikuwa akiuliza kwa moyo mmoja. Alitaka kujua aanze wapi. Kurasa zake zilikuwa zimejaa rangi alizozichora kwa kalamu za kuazima: ndimu, ukwaju, chokaa, dawa ya babu, visima vitatu, kila kitu alichochovya tangu muhula uanze. Alikuwa tayari kuufuta muhula wote kwa sababu mwalimu wake amesema karatasi ni mbovu. Na nyuma yake wenzake nao walikuwa wameshika raba, wakingoja.

Kwa kitambo Kagendo alimchukia mtoto yule kwelikweli. Alimchukia kwa unyoofu wake, na kwa kuwa ni yeye mwenyewe aliyemfanya hivyo. Ndiyo, futa, neno lilikuwa limeshafika ulimini. Kalamu ya Bwana Shuaib ilikuwa imegusa karatasi.

"Usifute kitu, Tima," akasema. "Karatasi ni nzima. Nimesema uongo. Maji ya kisima chetu ni nane."

Kalamu ikainuka. Tima aliketi, akageuza ukurasa, akaandika nane mahali pa saba, na kichwa chake hakikuinuka tena hadi kipindi kilipokwisha.

Mambo mengine yalikwenda upesi. Jabez hakugomba. Alimpa Kagendo mkono nje ya darasa, akamwambia pole, akasema kweli angefanyaje, mkewe yuko Kililana peke yake. Alikuwa ameshampigia yule mwalimu wa bara kabla hajafika gatini. Bwana Shuaib alibaki na Kagendo kivulini mwa ukuta, akiikunja ile karatasi na kuikunjua.

"Ningetia," akamwambia. "Lau ungeninyamalia, ningetia, na nisingeyua maisha yangu yote. Sasa nimeyua. Nitafanyaye nami?" Akaikunja karatasi tena. "Huyu akiya, watarudi kukariri. Mtafute mwengine, Bi Kagendo. Aye hata kesho."

Alisema hayo kwa huruma ya kweli, na ndiyo iliyomuuma Kagendo kuliko kitu kingine. Mtu mbaya angemtukana, naye angepata nafuu. Wote wawili walijua kwamba mwingine hayupo. Alimjibu haya, bwana, akarudi darasani kukusanya vifaa. Mlio wa mashine ya boti ulisikika kutoka upande wa Mtangawanda, ukawa mdogo, ukapotea.

Alipanda kwenye ukuta wa nyuma ya shule, penye mtandao, akapiga simu nyumbani. Mama yake alipokea mara moja, maana alikuwa akingoja habari njema tangu asubuhi. Kagendo hakufika hata nusu ya maelezo. Mama yake alisema basi, mwanangu, nimesikia, kisha akampa mtoto simu.

Kendi alipumua kwenye simu kwanza, kile kifua chake kikikwaruza. Nyanya yake alikuwa amemweleza kwamba mama amezungukwa na maji mengi pande zote, ndiyo sababu haji.

"Maji yameisha?" akauliza kwa Kimeru.

"Bado."

"Yakiisha utakuja?"

Kagendo alijibu kwamba atakuja. Alisema hivyo kwa sauti nzuri ya mwalimu, ile ambayo watoto huiamini. Kendi akasema sawa, akamrudishia nyanya yake simu, akaenda zake kucheza.